Kitabu na Mpinzani Wake

Wajukuu zangu wa Ufukoni, nasikia mnazunguka mpaka Mikindani na Msimbati mkiulizia vitabu vya zamani vya islahi ya dini. Vizuri. Ila mnanunua cha upande mnaoupenda tu. Ukipata kitabu kinachokanya, mtafute na yule anayekanywa.

Chukueni tafsiri za Kurani kwa Kiswahili. Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya UMCA, Unguja, alitoa yake 1923. Waahmadiya wakatoa yao 1953. Sheikh Abdallah Saleh Farsy akatoa Qurani Takatifu 1969, na humo anawajibu waliomtangulia. Mwenye ya Farsy peke yake anasikia majibu asiyoyajua maswali yake. Mwenye zote tatu ana mabishano ya karibu nusu karne katika rafu moja.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa gazeti la Sahifa 1930, kisha la Al-Islah 1932. Aliwataka Waislamu wasome, waache aliyoyaona uzushi, wala wasimezwe na Uzungu. Watu hutunza kitabu, gazeti wakafungia bizari. Kwa hiyo hata ukurasa uliochanika msiuache.

Mkikagua, anzieni ukurasa wa mwanzo: jina la matbaa na mwaka. Mkiona 1363 msidhani muuzaji kawachezea. Hiyo ni Hijria, nayo karibu yote imeangukia 1944. Kisha tazameni pambizo. Pengine mwalimu wa chuo kabishana na mwandishi kwa wino wake, mstari kwa mstari. Msifute! Mimi pambizo ya namna hiyo naithamini kuliko jalada la ngozi, ingawa muuzaji atawaambia kitabu kimechafuka, na hapo bei itashuka. Nyamazeni, lipeni.

Hewa yetu ya bahari haina huruma na karatasi. Vitabu msiviweke sakafuni, mchwa wanasubiri, wala msivifungie kwenye mfuko wa nailoni, vitaota ukungu. Rafu iache nafasi na ukuta. Selotepu ni marufuku.

Tena mkikuta ndani ya kitabu pameandikwa wakfu wa msikiti fulani, hicho hakiuzwi, hata aliyenacho akiapa ni cha babu yake. Kipelekeni msikitini kwenyewe, mwombeni imamu awaruhusu kukisomea hapohapo.