Dakika Chache za Feri

Kwenye feri ya Likoni waendao kwa miguu huvuka bure. Sisi wenye magari ndio tunaolipa. Labda ndiyo sababu nilijiona nina haki ya kukaa peke yangu, vioo nimefunga, kiyoyozi kikivuma. Kando ya mlango wangu alisimama mama mzee, kikapu cha maembe kichwani, jua la saa saba likimchoma. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Nikajiambia: kivuko cha Kilindini ni chembamba, kabla hajaketi vizuri tutakuwa tumefika.

Je, ufupi wa muda hupunguza wajibu? Kuhani na Mlawi wa Luka 10 nao hawakumtesa yule majeruhi kutwa nzima. Walipita tu, pengine kwa dakika moja. Na lau ningekuwa naelekea Nairobi, ningemkaribisha? Sidhani. Hapo ningesema safari ni ndefu mno kukaa na mtu nisiyemjua.

Feri ilipotia nanga upande wa pili nilishusha kioo, nimwite. Watu walikuwa wameshaanza kushuka kwa wingi, wakipanda mteremko kuelekea stendi ya matatu. Nilitazama vikapu vyote. Chake sikukiona.