Bweni la Ruharo

Kisa hiki ni cha kutunga, ila hewa inayosimuliwa ni ya kweli. Kijana mmoja aliyekulia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, baada ya wazazi wake kukimbia vita vya Kivu, alipata kibarua mjini Mbarara. Shule fulani ilitaka kujenga bweni na ilikuwa na viwanja viwili: kimoja Ruharo, kando kabisa ya barabara, kingine mbali huko kilimani, migombani. Mfadhili akataka hewa ipimwe kwanza. Kijana akakabidhiwa kifaa cha kupima ozoni na daftari la kuhesabia magari.

Alijituma kwelikweli. Alihesabu malori, taksi na bodaboda tangu alfajiri, akasoma kifaa kila saa, na usiku akaingiza tarakimu kwenye kompyuta. Modeli yake ya takwimu ikatoa mstari unaoteremka: magari yakizidi, ozoni inapungua. Kule kilimani, ambako pikipiki hupita mojamoja, ozoni ilikuwa juu zaidi. Akaandika kwamba kiwanja cha barabarani kina hewa safi. Wajumbe wa kamati wakafurahi, maana maji na umeme vilishafika hapo. Bweni likajengwa.

Muhula wa kwanza haujaisha, watoto wakaanza kukohoa. Muuguzi wa shule, mama mtu mzima, akamwita kijana.

"Mwanangu, kile kifaa chako kilipima moshi?"

"Hapana, mama. Ozoni peke yake."

"Na Jumapili ulihesabu magari?"

"Jumapili nilikuwa kanisani."

Hapo ndipo penye kasoro. Ozoni ya huku chini haitoki moja kwa moja kwenye bomba la gari. Jua ndilo linaloitengeneza, kutokana na oksidi za nitrojeni za injini zikichanganyika na mivuke ya petroli, ya rangi, ya nyasi zinazoungua na hata ile inayotolewa na miti kama mikaratusi. Lakini moshi unaotoka tu kwenye injini umejaa naitriki oksidi, na gesi hiyo ikikutana na ozoni huila, kisha inageuka kuwa nitrojeni dioksidi, ambayo nayo hudhuru mapafu. Basi penye msongamano wa magari ozoni huonekana haba kwa sababu imeliwa, na aliyeila yupo palepale. Upepo ukiuhamisha mchanganyiko huo, jua la mchana huivunja dioksidi na ozoni inazaliwa upya mbele ya safari. Huenda sehemu ya ozoni ya kilimani ilitoka barabara ileile ya Ruharo.

Walioanza kupima zamani walishakutana na kitendawili hiki. Los Angeles ilijulikana kwa miongo kadhaa kuwa na ozoni nyingi zaidi mwisho wa wiki, malori yanapopungua. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, hewa ya Wuhan, Roma na Valencia ilipungua oksidi za nitrojeni, huku ozoni ikipanda. Ukiitazama namba ya ozoni pekee utadhani moshi ni dawa.

Tena kuna saa. Asubuhi magari ni mengi na jua ni changa. Ozoni huwa chini hata kijijini kusiko na gari. Modeli isiyo na safu ya jua wala ya saa huyapa magari sifa ya kazi iliyofanywa na mapambazuko. Na kuna moto wa mbali. Vipimo vilivyochukuliwa Mlima Mugogo, Rwanda, kati ya 2015 na 2017 vilionyesha ozoni ikipanda nyakati za kiangazi, moshi wa nyika zinazoungua ukisafiri kutoka kaskazini ya bara kuanzia Desemba hadi Februari, na kutoka kusini kuanzia Juni hadi Agosti. Daftari la kuhesabia bodaboda haliwezi kuuona moto huo.

Kijana hakudanganya, na tarakimu zake zilikuwa sahihi. Lawama ninaiweka zaidi kwa kamati: iliuliza habari za gesi moja, ikapokea jibu kana kwamba ni la hewa nzima, na ikaacha kuhoji kwa sababu jibu liliipendeza. Hata vifaa vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, hupima hasa chembechembe za vumbi na moshi. Hakuna busara kuviuliza habari za ozoni.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa toleo jipya la viwango vyake: ozoni isizidi mikrogramu 100 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa nane, nitrojeni dioksidi 25 na chembechembe ndogo 15 kwa wastani wa saa 24. Kila kimoja kina kikomo chake, na kufaulu katika kimoja hakufuti kufeli katika kingine.