Dola Kumi Zako, Tisini za Dalali

Agosti 1929, jarida la akina mama wa Marekani liitwalo Ladies' Home Journal lilichapisha mahojiano na tajiri John J. Raskob. Kichwa chake kilitangaza kwamba kila mtu anapaswa kuwa tajiri. Weka dola 15 kila mwezi katika hisa nzuri, alisema Raskob, usiguse gawio, na baada ya miaka 20 utakuwa na dola 80,000.

Watu waliamini kwa sababu walikuwa wakiyaona maendeleo kwa macho. Mijini umeme ulikuwa umeingia majumbani, redio ilikuwa sebuleni, gari uani. (Wakulima hawakuwamo katika sherehe hiyo, bei za mazao yao zilikuwa zimeporomoka tangu mwanzo wa muongo.) Lakini gari lile na redio ile mara nyingi vilichukuliwa kwa malipo ya awamu, na aliyezoea kukopa gari hakuona ajabu kununua hisa kwa mkopo.

Ilikuwa hivi. Unampa dalali dola 10, naye anakukopesha 90, unapata hisa za dola 100. Zikipanda hadi 120, umepata dola 20 kwa mtaji wa dola 10. Nani angekataa? Ila zikishuka hadi 90, dola zako 10 zimekwisha zote, na dalali anadai uongeze fedha leo hii. Huna? Anaziuza hisa. Akiziuza, bei inashuka tena, na jirani yako naye anadaiwa.

Alhamisi ya 24 Oktoba madai hayo yakamiminika. Jumanne ya tarehe 29 ziliuzwa hisa zaidi ya milioni 16 kwa siku moja. Kufikia Julai 1932 wastani wa bei za hisa kubwa ulikuwa umeshuka kwa karibu asilimia 89 kutoka kiwango chake cha Septemba 1929.

Wapo wanaosema walioumia waliyataka wenyewe. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni benki moja ya New York.

Iliitwa Bank of United States. Ilikuwa benki ya watu binafsi, lakini kwa jina hilo wahamiaji wengi waliidhania ni ya serikali. Wateja wake, mafundi cherehani na wenye maduka madogo, hawakucheza kamari yoyote. Walipeleka akiba yao dirishani na kupewa kitabu cha akiba. Wakuu wa benki ndio waliozitumia fedha hizo kukopesha kampuni zao wenyewe na kujenga majumba. Desemba 1930 watu walipanga foleni kudai chao, na tarehe 11 milango ikafungwa. Wenye akaunti walikuwa zaidi ya 400,000. Wakuu wawili walifungwa jela, na sehemu ya amana ilirudishwa kidogo kidogo baadaye, lakini kodi ya nyumba haingoji.

Benki elfu kadhaa zilifuata. Kufikia 1933 karibu robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na kazi. Ndipo sheria ikaja: kuanzia 1 Januari 1934, bima ya serikali ililinda amana ya kila mteja wa benki zenye bima hiyo hadi dola 2,500.

Wewe unayesoma haya, kesho nenda mahali unapoweka akiba yako uulize maswali mawili: fedha zangu mnamkopesha nani, na mkifunga milango nani atanilipa? Usiondoke bila majibu.