Jibu Sahihi, Njia Pungufu

Mtu akiufikia ukweli kwa njia yenye pengo, je, anaujua ukweli huo, au ameuokota tu? Swali hili linanikaa moyoni tangu mwaka 1984, nilipokuwa mkufunzi wa hisabati katika chuo cha ualimu mkoani Singida.

Mwanachuo mmoja alipata jibu sahihi la jometri, lakini aliruka hatua moja. Nilipomwuliza alisema, "Mwalimu, naiona, ila kuieleza ndiyo kazi." Nikampa sifuri, na kwa wino mwekundu nikaandika: Njia ya mwongo fupi.

Baada ya kustaafu nilisoma habari za Mwitaliano Francesco Severi, aliyezaliwa mwaka 1879. Kunja waya ovyo, uuweke mbele ya kibatari. Ukutani kivuli huweza kujikata ingawa waya wenyewe haujigusi, kwa kuwa mstari mmoja wa mwanga umepita katika nukta zake mbili. Mwaka 1901 Severi alilipeleka wazo hilo mbali: katika nafasi ya vipimo vitano, ni nyuso zipi laini ambazo, karibu popote utakapoweka taa, kivuli chake hujikata mara moja tu? Akajibu kuwa ni jamii mbili: nyuso za daraja la nne zilizofumwa kwa mistari iliyonyooka, na uso wa daraja la tano wenye jina la Pasquale del Pezzo.

Orodha ilikuwa sahihi, lakini hoja yake ilikuwa na pengo. Pengo hilo lilizibwa baada ya takriban miaka mia, na Francesco Russo. Yeye hakuitupa orodha, wala hakujifanya haoni pengo.

Utasema, mwalimu akiachia hatua zirukwe atalea wabahatishaji. Ni kweli, na alama ilistahili kupungua. Lakini anayeruka hatua ana deni, hajaiba. Mimi nilichanganya deni na wizi. Tena najiuliza: kama karatasi ile ingekuwa na jina la bingwa wa Ulaya, ningeandika methali ile? Naona haya kujibu. Severi alivumiliwa karne nzima. Kijana wa Kinyaturu sikumpa hata juma moja arudi na hatua yake.