Nehemia Aliomba, Kisha Akataka Barua

Masomo: Nehemia 1:1-4, 2:1-9, 6:1-4

Tunawasalimu nyote wa Nakivale, wa Base Camp, Rubondo na Juru, pamoja na ndugu zetu wa Nyarugusu na Kakuma ambao karatasi hii huwafikia mkononi mwa wasafiri.

Leo tunataka kusema na vijana wetu wanaotafuta kazi iliyo bora katika mambo ya kompyuta, na pia na baba na mama zao. Labda mtu atauliza, habari za kompyuta zinaingiaje kanisani? Zinaingia kwa sababu vijana wanatujia kila wiki tuwaombee juu ya jambo hili. Na zinaingia kwa sababu sisi wenyewe tulikosa katika jambo hili, na ni vema tuungame mbele yenu.

Mwaka huu kijana mmoja wa kwaya yetu alitujia akiwa na furaha kubwa. Ametupa ruhusa tusimulie habari yake bila kutaja jina. Kijana huyu ni fundi simu. Mchana anatengeneza simu za watu, na jioni anakwenda kwenye kituo cha kompyuta kufanya kazi ya kuzungushia mistari picha za barabara, magari na watu, ili mashine za akili bandia zijifunze kutambua vitu. Kazi hiyo hulipwa kwa kipande. Wiki nyingine inakuwepo, wiki nyingine haipo, na bando la intaneti linakula sehemu ya malipo.

Basi alikuwa amepata ujumbe katika simu yake. Kampuni ilimtaka awe fundi wa kompyuta mjini Bangkok, nchi ya Thailand. Mshahara ni dola 1,200 kwa mwezi, nyumba bure, tiketi ya ndege bure. Alitakiwa tu kuonyesha kwamba anajua Kiingereza na anachapa haraka, kisha alipe shilingi 600,000 za karatasi. Mama yake alikuwa tayari kuuza mbuzi wake wawili. Akasema, "Mchungaji, mniombee, Mungu amefungua mlango."

Sisi tulifanya nini? Tulimwekea mikono. Jumapili tukasimamisha kanisa, tukatoa mchango, zikapatikana shilingi 310,000. Tulishangilia. Hakuna hata mmoja wetu sisi viongozi aliyeuliza jina la tajiri wake.

Aliyeuliza ni mama mmoja anayeuza ndizi sokoni. Baada ya ibada alimvuta kijana pembeni akamwambia, "Mwanangu, mimi sijui kompyuta. Lakini mtu akitaka kuninunulia ndizi zote bila kuziona, mimi naogopa. Huyo bwana amekuona wapi?" Kijana hakuwa na jibu. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tulipoanza kuuliza, tuliona giza. Viza ilikuwa ya utalii, si ya kazi. Anwani ya ofisi haikuwepo. Tulipotaka kuzungumza na mwajiri mchana, tuliambiwa tuharakishe kutuma pesa, maana nafasi zimebaki mbili. Kijana alipokataa kutuma, namba ile ikazimwa.

Wapendwa, jambo hili si la kubuni. Mwezi wa Agosti 2023, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa makadirio kwamba huenda watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wengine wapatao 100,000 nchini Kambodia walikuwa wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli kwa njia ya intaneti. Wengi waliitwa kwa kazi nzuri za kompyuta. Walishuka Thailand, wakapelekwa mpakani, wakavushwa mto Moei hadi Myanmar, wakanyang'anywa pasipoti. Kazi waliyoikuta ni kukaa mbele ya kompyuta usiku na mchana wakiwaandikia watu wasiowajua maneno ya mapenzi na ya biashara, ili wawaibie akiba zao. Aliyekataa alipigwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025, maelfu walipotolewa katika majumba hayo, walikuwemo watoto wa Ethiopia, Kenya na Uganda. Ndiyo maana walitaka mtu mwenye Kiingereza na vidole vyepesi.

Sasa tufungue Neno la Mungu.

1. Kutamani kazi bora si dhambi

Nehemia alikuwa mtoto wa watu waliohamishwa. Alikaa Shushani, katika nchi isiyo ya baba zake, akiwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Alikuwa na kazi, alikuwa na chakula. Hata hivyo moyo wake ulitaka kazi nyingine iliyo kubwa zaidi, na Mungu hakumkemea.

Tunasema hivi kwa sababu wako wahubiri wanaowaambia vijana watosheke tu na hali. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umeshiba. Tunajua kwamba mwaka 2023 familia za wakimbizi hapa Uganda ziligawanywa katika makundi matatu, na kundi la tatu likaondolewa katika mgao wa chakula. Kijana aliyeona sahani ya wadogo zake ikipungua ana haki ya kutafuta. Tena Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutafuta kazi. Ndugu zetu wa Nyarugusu hawana uhuru huo wa kutoka kambini kwenda kutafuta, nasi tusiudharau.

2. Nehemia aliomba miezi minne, kisha akataka barua

Soma vizuri tarehe. Habari mbaya za Yerusalemu zilimfikia mwezi wa Kisleu. Alizungumza na mfalme mwezi wa Nisani. Ni kama miezi minne ya kulia, kufunga na kuomba. Lakini angalia alichofanya mfalme alipomuuliza anataka nini. Aliomba kwa Mungu wa mbinguni palepale, kisha akafungua kinywa na kueleza mambo yote kwa utaratibu. Alitaja muda atakaokaa. Alitaka barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wampitishe. Alitaka barua nyingine kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ili apewe miti.

Mtu wa maombi alitaka barua! Hakuona kwamba kutaka karatasi ni kukosa imani. Sisi tulimwombea kijana wetu siku moja, na hatukutaka barua hata moja. Tulifikiri kuuliza maswali ni kuuzuia mkono wa Mungu. Hapo ndipo tulipokosa, na tunaomba msamaha kwake na kwa mama yake.

Basi kila anayeitiwa kazi, ya hapa au ya mbali, aulize haya:

Kwanza, ni nani anayeniajiri, na amesajiliwa wapi? Hapa Uganda kampuni inayopeleka watu kufanya kazi nje lazima iwe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na wizara hiyo huwa na orodha ya kampuni zenye leseni. 

Pili, viza ni ya kazi au ya utalii? 

Tatu, nani atashika hati zangu? Anayetaka kukaa na pasipoti yako anataka kukaa na wewe pia. 

Nne, kwa nini mimi ndiye ninayelipa kabla ya kulipwa? 

Tano, nitarudije? Swali hili ni zito kwetu kuliko kwa wengine. Mkenya akiteswa ugenini anaweza kukimbilia ubalozi wa nchi yake. Sisi tuliokimbia nchi zetu tutagonga mlango gani? Mkimbizi asivuke mipaka bila hati halali ya kusafiria ya mkimbizi, na kabla ya kuondoka aulize ofisi ya OPM. 

Sita, kazi yenyewe nitaifanya kwa nani? Kama mkate wangu utatoka katika machozi ya mjane wa nchi nyingine, huo si mlango wa Mungu hata kama mshahara ni mkubwa.

3. Nehemia alikataa kwenda Ono

Ukuta ulipokuwa karibu kuisha, Sanbalati na Geshemu walimwita Nehemia wakutane nchi tambarare ya Ono. Mwaliko ulikuwa wa adabu, lakini alifahamu kwamba wanataka kumdhuru. Akajibu kwamba ana kazi kubwa na hawezi kuiacha. Walimwita mara nne, naye akajibu vilevile mara nne. Mjue kwamba anayewaita ataita tena, kwa namba nyingine na kwa mshahara mkubwa zaidi.

Tulipomfundisha kijana wetu habari hii, alituuliza swali lililotunyamazisha. Alisema, "Mchungaji, Nehemia alikuwa na ukuta. Mimi kazi yangu kubwa iko wapi? Mimi nina vioo vya simu vilivyovunjika."

Hatukumjibu siku ile. Tulirudi nyumbani tukasoma kitabu chote, na katika sura ya 3 tukaona mambo mawili. Ukuta ule ulijengwa na watu ambao wengine hawakuwa waashi. Mstari wa 8 unataja wafua dhahabu na watengeneza manukato. Mikono iliyozoea vitu vidogo vya thamani ilibeba mawe. Vilevile wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Kati yetu wako walimu wanaochapa barua za watu, na wahasibu wanaozungushia picha mistari. Hiyo si kazi waliyoisomea, lakini Mungu anaihesabu katika ukuta wake.

Na kumbuka kwamba kabla ya ukuta, Nehemia alishika kikombe cha mtu mwingine. Mfalme alimwamini kwa barua na miti kwa sababu alimwamini kwanza kwa kikombe. Fundi simu anayerudisha simu ya mteja bila kuchungulia picha zake, naye anashika kikombe. Siku moja mtu atahitaji wa kumkabidhi kompyuta zote za ofisi, na atamkumbuka.

4. Kijana afanye nini, na kanisa lifanye nini?

Wewe kijana, tengeneza karatasi zako. Diploma ya Kongo iliyoandikwa kwa Kifaransa itafsiriwe kwa Kiingereza, kisha ipelekwe kulinganishwa: ya sekondari kwa UNEB, ya chuo kikuu kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Jifunze Kiingereza kila siku. Soma kozi za bure zinazopatikana kwa intaneti, kama zile za Cisco Networking Academy, na uzimalize. Weka kumbukumbu ya kila kazi uliyofanya, hata ndogo, na jina la mtu anayeweza kukushuhudia.

Ninyi wazazi, msiwasukume watoto kwa njaa. Katika Nehemia sura ya 5 watu waliweka rehani mashamba na hata watoto wao kwa ajili ya nafaka, na Nehemia alikasirika sana. Ukimwambia mwanao kila asubuhi kwamba watoto wa fulani wanatuma pesa, unamwonyesha njia ya Ono.

Nasi kanisa tumeamua hivi. Kila Alhamisi baada ya maombi, wazee watatu watakaa na kijana yeyote aliyeitwa kazini ili kusoma barua yake pamoja. Yule mama wa ndizi ni mmoja wao. Zile shilingi 310,000, kwa kibali cha waliotoa, zimenunua betri ya sola, na kompyuta mbili za kanisa sasa zinawaka hadi saa tatu usiku. Akila na Prisila walifukuzwa Roma, wakafika Korintho, na karakana yao ya mahema ikampa Paulo mahali pa kufanyia kazi (Matendo 18:1-3). Wakimbizi walimpokea mfanyakazi mwenzao. Nasi tufanye hivyo.

Labda mnataka kujua kijana wetu amefika wapi. Hajapata kazi bora. Ameandika maombi ya kazi kumi na manne. Wawili tu walimjibu, wakakataa. Wenzake wengine wanamcheka kwamba aliogopa ndege. Lakini Jumapili anaimba, mbuzi wa mama yake wako zizini, na jioni anawafundisha vijana sita kutumia kompyuta. Hatuwezi kuwaahidi lini atajibiwa. Tunachoweza kusema ni kwamba mwezi wa Kisleu ulikuwa mrefu kwa Nehemia pia, na Mungu hakuwa mbali naye.

Tuombe: Ee Mungu wa mbinguni, uliyesikia kilio cha Nehemia katika nchi ya ugeni, wakumbuke vijana wetu. Wape kazi ya halali, wape subira, wape ujasiri wa kuuliza. Uwafungue wale walioshikwa ng'ambo ya mito wasiyoijua, na uwarudishe kwa mama zao. Utusamehe sisi wachungaji tulioharakisha. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.