Je, Hewa Yaweza Kuibwa?

Amri ya saba ya Mungu yakataza wizi. Kila mkatekumeni huisikia tangu mwanzo wa mafundisho, na huielewa bila shida: mbuzi wa jirani ni wa jirani, na fedha za tajiri si za mtumishi wake. Lakini liko swali moja liwatatizalo watu wengi. Kitu kisichofungiwa sandukuni wala kuuzwa sokoni, je, chaweza kuibwa? Hewa aivutayo kila mtu, je, iko namna ya kuiiba?

Wengi watajibu upesi kwamba haiwezekani. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha ya kuwa wizi ni kutwaa kwa siri kitu kilicho cha mwingine. Basi, watasema, hewa si ya mtu, na kisicho cha mtu hakina mwizi. Jibu hili laonekana kuwa na nguvu. Yafaa kulipima polepole.

Kwanza na watazamwe wavuvi Wagenia, ambao watu wote wa Kisangani wawajua. Katika maporomoko ya mto Kongo husimamisha magogo marefu juu ya miamba, na katika magogo hayo hufunga madema makubwa na kuyashusha katika maji yaendayo kasi. Maji yale hayakuumbwa na Mgenia ye yote, wala samaki hawakufugwa na mtu. Hata hivyo kila ukoo hujua mahali pake, na amani hudumu. Itakuwaje basi mtu akae upande wa juu wa mto, atie sumu majini, apate samaki wengi kwa siku moja? Madema ya walio chini yatapandishwa matupu. Akiitwa mbele ya wazee na kujitetea kwamba mto hauna mwenyewe, wazee hawatamkubalia. Watamwambia kwamba mto hauna mwenyewe mmoja kwa sababu wenyewe ni wengi.

Hapo ndipo penye kosa la jibu lile la kwanza. Kitu kisicho cha mtu ye yote ni mbali na kitu kilicho cha watu wote. Hewa ni ya namna hii ya pili. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 uitwao Laudato si', alifundisha ya kuwa hali ya hewa ni mali ya wote kwa faida ya wote. Fundisho hilo si geni. Tangu kale Mama Kanisa husadiki ya kuwa Mwenyezi Mungu aliwapa wanadamu wote dunia na vilivyomo, wala hakumpa mmoja ili wengine wakose. Na kitabu cha Mwanzo chasimulia kwamba mtu aliwekwa bustanini apate kuilima na kuitunza pia.

Lakini pengine mtu atauliza: Katika jambo la hewa, ni nani apungukiwaye? Mbuzi akiibwa, zizi huonekana tupu. Hewa ikichafuliwa, ni nani aliaye?

Majibu ya swali hili ni mawili. Moja limo nyumbani, la pili limo msituni.

Katika mtaa wa Kabondo, kama katika mitaa mingine ya Kisangani, nyumba nyingi hupika kwa kuni au kwa makaa ya miti, ambayo watu huyaita makala. Umeme haufiki kila nyumba, tena hukatika. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi, na moshi huo huingia katika mapafu ya mama apikaye na ya mtoto aliye mgongoni. Makala hutoa moshi kidogo, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mbabula yenye makala ikiwekwa katika chumba kilichofungwa, wenye kulala humo waweza kufa bila kuamka. Shirika la Afya Duniani limekadiria ya kuwa katika mwaka 2020 moshi wa majikoni uliwaua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka 5. Hao ndio waliao, ingawa kilio chao hakisikiki barazani.

Jibu la pili lahitaji safari. Ukishuka mto kutoka Kisangani, yapata kilomita 100, utafika Yangambi, mahali ambapo Wabelgiji walianzisha uchunguzi wa kilimo mwaka 1933. Huko, tangu mwaka 2020, umesimama mnara uitwao CongoFlux, wenye urefu wa mita 55, uliopita vilele vya miti. Vyombo vyake hupima, mchana na usiku, hewa iingiayo msituni na hewa itokayo. Maana mti hula hewa. Mwanga wa jua ukiyapiga majani, mti huvuta hewa iitwayo dioksidi ya kaboni, ukaiweka kaboni yake katika shina na mizizi. Mti ukichomwa, kaboni hiyo hurudi juu.

Hewa hiyo yahitajika, lakini ikizidi huizuia dunia isipoe, kama blanketi nzito juu ya mtu mwenye homa. Kabla ya viwanda vikubwa, katika sehemu milioni moja za hewa, sehemu zake zilikuwa kama 280. Leo zimepita 420. Ndiyo sababu joto limeongezeka, na mvua katika nchi nyingi haishiki tena majira yake. Tena msitu huvuta maji kwa mizizi na kuyarudisha angani kwa majani, na sehemu kubwa ya mvua ya bonde la Kongo hutoka katika pumzi hiyo. Basi mtu afyekaye msitu mkubwa aweza kumnyima mvua mkulima asiyemjua, wa mbali naye. Mwaka 2020 wataalamu waliopima miti katika nchi 11 za Afrika walieleza ya kuwa nguvu ya misitu hiyo ya kuvuta kaboni ilianza kupungua tangu mwaka 2010 hivi. Na katika mwaka 2022 peke yake Kongo ilipoteza zaidi ya hekta 500,000 za msitu wa asili. Watu wapungukiwao ni wengi, na wengine wao hawajazaliwa.

Sasa jambo limekuwa zito. Na afikiriwe mjane wa Kabondo mwenye watoto wanne, auzaye makala kwa mafungu kando ya njia. Magunia humfikia kwa baiskeli kutoka msituni, ambako watu huchoma miti chini ya udongo, na kwa kilo moja ya makala hutumia kilo tano za mti au zaidi. Mjane huyo ni mkatekumeni. Je, yeye ni mwizi? Je, aiache biashara yake, watoto walale na njaa, ndipo abatizwe?

Haki haisemi hivyo. Kanisa hufundisha ya kuwa uzito wa kosa hupimwa kwa ujuzi na kwa hiari ya mtu. Asiyejua hahukumiwi sawa na ajuaye. Asiye na njia nyingine hahukumiwi sawa na mwenye njia kumi. Tena mwenye shida kubwa anayo haki ya kupata katika mali ya wote kile kimpasacho kuishi. Mjane alishaye watoto wake hatwai cha mwingine. Akiambiwa ni mwizi, aonewa.

Lakini haki hiyo ina mpaka wake. Ni haki ya kuishi, wala si ruhusa ya kuharibu. Mtu akatwaye miti michanga ili faida yake izidi, au achomaye kilima kizima kwa ajili ya shamba dogo, hawezi kujificha nyuma ya njaa ya mjane. Na mfanyabiashara apakiaye magunia mamia kwa mamia, akijua msitu waisha, ana hesabu kubwa kuliko auzaye fungu moja.

Wako watakaosema: Kwa nini watu wa Kabondo waulizwe, na hali wenye viwanda wa ng'ambo wameichafua hewa kuliko wote? Neno hilo lina ukweli. Kwa mafuta na makaa ya mawe, Mkongo mmoja kwa mwaka hatoi hata sehemu moja ya kumi ya tani ya hewa hiyo. Mmarekani mmoja hutoa zaidi ya tani 13. Mataifa hayo yana deni kubwa, na ni halali kuwadai. Walakini mbele ya Mungu hakuna ahesabiwaye haki kwa sababu jirani yake ameiba zaidi. Kaini alipoulizwa habari za ndugu yake, hakufaidiwa kitu na ukali wa jibu lake.

Imebaki sharti moja la amri ya saba, ambalo wengi hulisahau: aliyeiba hana budi kurudisha. Mwizi wa mbuzi hurudisha mbuzi. Aliyetumia hewa na msitu atarudisha nini? Atarudisha mti. Karibu na Yangambi wanakijiji na wataalamu wamepanda akasia, mti ukuao upesi, ili baada ya miaka michache kuni zipatikane bila kuugusa msitu mkubwa. Asiye na shamba aweza kukausha kuni kabla ya kuziwasha, kupikia mahali penye upepo, kufunika chungu ili makala yasiteketee bure, kutolaza watoto penye mbabula. Mjane yule aweza kuchagua kununua kwa mtu apandaye, kila apatikanapo. Ni mambo madogo, lakini Mungu humdai kila mtu kadiri ya mkono wake.

MASWALI YA KUKUMBUKA

Swali: Hewa ni ya nani?
Jibu: Hewa ni ya Mungu, naye ameitoa kwa watu wote, walio hai na watakaozaliwa.

Swali: Ni nani atendaye dhambi juu ya hewa na msitu?
Jibu: Ni yule ajuaye madhara, aliye na njia nyingine, akaendelea kuharibu kwa sababu ya tamaa au uvivu.

Swali: Maskini auzaye makala apate kuishi, je, ni mwizi?
Jibu: Siyo. Lakini yampasa, kadiri awezavyo, kutoharibu bure na kusaidia kurudisha kilichotwaliwa.

Swali: Kilichotwaliwa hurudishwaje?
Jibu: Kwa kupanda, kwa kutumia kwa kiasi, na kwa kuwalinda majirani na moshi.