ASKARI KUWA KOMISIONERI WA NYUMBA: JE, INAFAA?



Kuna ulizo linalorudi mara kwa mara kati yetu, na inafaa tulijibu waziwazi: askari ambaye angali katika kazi ya taifa, je, anaweza kufanya ukomisioneri wa nyumba na parseli katika saa zake za mapumziko, na dhamiri yake ikabaki safi?

Tuanze na shida yenyewe, maana asiyeijua njaa ya mwenzake huhukumu upesi. Mshahara wa askari wetu umekuwa mdogo kwa miaka mingi. Mwezi wa tatu 2025 serikali ilitangaza kuuongeza mara mbili. Tangazo hilo ni ushuhuda kwamba ulikuwa hautoshi. Askari naye ana bibi, ana watoto wa kusomesha, ana wagonjwa. Na katika komine zetu 6, yaani Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga ng'ambo ya mto, watu wanatafuta nyumba za kupanga. Anayejua nyumba iliyo wazi, akampeleka mtafutaji, amefanya kazi. Desturi inampa komisio yake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Mtume Paulo alishona hema huku akihubiri. Basi kazi ya pili si zambi.

Wengine watatukumbusha kwamba Paulo huyohuyo alimwandikia Timoteo kuhusu askari asiyejifunga na shughuli nyingine. Ni kweli. Anayeacha zamu ya ulinzi ili kumwonyesha mtu nyumba amekula mshahara wa bure, na amewaacha wenzake katika hatari. Lakini saa za kazi ni sehemu ndogo ya jambo hili. Sehemu kubwa ni woga.

Komisioneri raia akikutajia bei, unaweza kumjibu hapana, ukaenda kulala. Askari akitaja bei ileile, unaangalia kwanza mikono yake. Hata akivua nguo za kazi, mtaa mzima unajua kwamba anaishi kambi Ketele. Hajatisha mtu, lakini woga umekwisha kufanya kazi yake. Mji wetu una sababu ya kuogopa bunduki. Kutoka 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati yetu. Mamia ya raia walikufa, na nyumba zaidi ya 400 ziliharibiwa. Mjane aliyepona siku zile, akiitwa na askari kuzungumza juu ya parseli yake, hasikii maneno matupu. Mfalme Ahabu hakumpiga Nabothi kwa mkono wake. Nguvu ya jina lake ilitosha, na shamba likachukuliwa.

Askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache jeshi. Aliwakataza kunyang'anya na kusingizia watu, akawaambia watosheke na mshahara. Tunaona kwamba maneno hayo yanakwenda pamoja: alikataa faida inayotoka katika woga wa raia.

Kwa hiyo twasema hivi kwa ndugu zetu askari:

1. Omba ruhusa kwa mkubwa wako. Usiende kwa mteja na bunduki wala nguo za kazi.

2. Taja bei mbele ya mashahidi, na umpe mtu siku za kufikiri. Kwa kuwa yeye anakuogopa, ni wewe unayepaswa kumfungulia mlango wa kukataa.

3. Tangu sheria ya 20 Julai 1973 udongo ni mali ya Leta, na haki ya mtu juu ya parseli huonyeshwa na cheti cha kuandikishwa. Usiuzishe parseli ambayo hujaona karatasi zake. Palipo na ugomvi, kaa mbali kabisa, hata kama komisio ni kubwa.

4. Sheria ya 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Usidai zaidi. Wala usikubali kamwe kwenda kumfukuza mpangaji. Hiyo ni kazi ya tribinali.

Na sisi wenye nyumba, tusijifanye watakatifu. Kuna anayemchagua komisioneri askari kwa sababu ni mwaminifu. Kuna pia anayemchagua ili mpangaji asithubutu kubishana. Huyo wa pili amepanga bunduki, hata kama hakuigusa, na zambi yake ni moja na ya yule aliyeibeba.

Tujipime kwa ulizo hili: kama mtu yule asingeniogopa, angekubali? Kama jibu ni ndiyo, komisio ni jasho letu, tule kwa shukrani. Kama jibu ni hapana, tumrudishie kabla jua halijashuka.

Bwana awabariki.